Mizani ya Mapigo: Hip-Hop na Hesabu Zisizozoeleka

Mwishoni mwa mwaka 2003 wimbo uitwao "Hey Ya!", uliotungwa na kuimbwa na André Benjamin, ajulikanaye zaidi kwa jina la André 3000, mmoja wa wawili waliounda kundi la OutKast la Atlanta katika jimbo la Georgia, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zinazopendwa Marekani itolewayo na gazeti la Billboard, ukakaa juu ya nyingine zote kwa wiki 9, na katika muda huo, na miaka mingi baada yake, wakubwa kwa wadogo waliucheza harusini na majumbani, wala aghalabu yao hawakutambua kwamba miguu yao ilikuwa ikifuata hesabu ambayo, lau wangeliandikiwa karatasini na kutakiwa waicheze, wangeliikataa mara moja kwa hoja kwamba haichezeki.

Tuipitie basi hesabu hiyo taratibu, maana mna mengi ndani yake. Gitaa laanza na kordi ya G, likaishikilia kwa mapigo 4. Likahamia kordi ya C, likakaa nayo mapigo 8. Kisha likagusa kordi ya D kwa mapigo 2 tu, na kabla sikio halijatulia hapo likaingia kordi ya E, likakaa nayo mapigo 8, ndipo mzunguko ukarejea ulikoanzia. Jumla ni mapigo 22. Sikio la mtu aliyelelewa kwa nyimbo za densi na za rapu limezoea mizunguko ya mapigo 8, ya 16 na ya 32, ambayo yote hugawanyika kwa 4 pasi na kubakiza kitu. Bali 22 hubakiza 2, na hayo 2 ndiyo yaliyomo katika ile kordi ya D, ambayo msikilizaji aliitarajia ikae mapigo 4 kwa mujibu wa desturi, nayo ikaondoka imetimiza nusu tu. Athari yake ni kwamba kila mzunguko mpya humfikia mtu mapema kidogo kuliko alivyoutazamia, hata mwili ukawa daima unawahi kuukimbilia, na wimbo mzima ukapata hamasa ambayo kasi peke yake haiwezi kuileta. Huo kwa rai yangu ni ustadi wa hali ya juu: kipimo kimoja kilichokatwa nusu, kikawekwa mahali pamoja tu, na mengine yote yakaachwa katika ada yake ili miguu isipotee.

Atakayesema kwamba wimbo huu huimbwa zaidi kuliko kughaniwa atakuwa amesema kweli. Walakini umetoka mikononi mwa watu wa hip-hop, umo katika albamu yao ya Speakerboxxx/The Love Below iliyotunukiwa tuzo ya Grammy ya albamu bora mwaka 2004, nami nimeutanguliza kwa sababu ndio uliofika kwa watu wengi kuliko wowote miongoni mwa nyimbo chache za sanaa hiyo zilizothubutu kuivunja kanuni ya mapigo manne. Na kanuni hiyo ina nguvu ajabu. Chukua santuri 100 za hip-hop za zama zozote, na takriban zote utazikuta zinahesabika moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne, tangu mwanzo hata mwisho.

Waliopata kuimba kwaya kwa kufuata nota wanazifahamu zile tarakimu mbili zinazoandikwa mwanzoni mwa mstari, moja juu ya mwenzake: ya juu hueleza kipimo kimoja kina mapigo mangapi, na ya chini hueleza ni nota ya namna gani inayohesabiwa kuwa pigo. 4/4 ni kipimo cha mapigo manne, nacho ndicho cha muziki wa dansi karibu wote wa siku hizi. 3/4 ni kipimo cha wolzi ya Wazungu. 6/8 huwa na mapigo makubwa mawili, lakini kila moja limegawanyika mafungu matatu sawasawa badala ya mawili au manne, na hapo ndipo unapotoka ule mwendo wa kuyumba unaojulikana sana katika ngoma zetu za pwani. Ama 5/4, 7/8 na nyinginezo zisizogawanyika kwa usawa, hizo Wamarekani wengi huziona ngeni, ingawa kwa Wabulgaria, Waturuki na Waarabu ni mambo ya kila siku, na mpiga ala wa taarab wa Unguja aliyejifunza samai za Kimisri huijua hesabu ya mapigo 10 kwa vidole vyake.

Kwa nini basi hip-hop ikashikamana na nne? Wapo wanaodhani ni kwa uchache wa elimu ya muziki, na dhana hiyo haina insafu hata kidogo. Sanaa hii ilizaliwa juu ya sakafu ya kuchezea. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la barabara ya Sedgwick huko Bronx, New York, kijana mmoja mzaliwa wa Kingston, Jamaika, jina lake Clive Campbell, aliyejiita DJ Kool Herc, alipiga santuri katika karamu iliyoandaliwa na dada yake Cindy, na watu wa hip-hop huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa sanaa yao. Herc aliona katika karamu zake za miaka ile kwamba vijana hodari wa kucheza hawakuungojea wimbo mzima, bali walisubiri kile kipande kifupi ambapo mwimbaji na vyombo vingine hunyamaza, zikabaki ngoma peke yake. Basi akatwaa santuri mbili za wimbo mmoja, akaziweka juu ya mitambo miwili, na kipande cha ngoma kilipokwisha upande huu akakianzisha upande wa pili, kisha akarudi upande wa kwanza, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi.

Mtu akitafakari atang'amua kwamba namna hii ya kupiga muziki ina sheria yake ya ndani. Kipande kinachorudiwa hakina budi kuanza na kwisha mahali ambapo mchezaji aliyeko hewani anapatambua bila ya kufikiri, kwani akikosea kushuka atavunjika mguu; na santuri zenyewe zilizokuwa zikipigwa zilikuwa za fanki, muziki ambao James Brown alikuwa ameujenga juu ya uzito wa pigo la kwanza la kila kipimo cha mapigo manne. Kwa hiyo nne haikuwa chaguo la mtu mmoja. Ilikuwamo ndani ya santuri, ikawamo miguuni, na hatimaye ikaingia katika vinywa vya waghani waliosimama kando ya mitambo kuwahamasisha wachezaji.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa ndani ya nne hiyo kulikuwa hakuna ghera ya kujitenga nayo. Kipo kipande cha ngoma ambacho huenda kimetumiwa mara nyingi kuliko vyote duniani, kilichopigwa na Gregory Coleman katika wimbo "Amen, Brother" wa kundi la The Winstons mwaka 1969. Urefu wake ni vipimo 4, ambavyo havifiki sekunde 8. Vipimo viwili vya mwanzo vimenyooka. Lakini katika cha tatu ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ambayo sikio huitazamia ndani ya pigo la nne, huchelewa kwa nusu ya pigo, na katika kipimo cha nne pigo la kwanza lenyewe limeachwa tupu, halafu toazi hulia mapema kabla ya zamu yake. Hesabu ni ileile nne, wala hakuna kilichozidi wala kilichopungua, bali uzito umehamishwa kutoka mahali pake. Na mtu asiyejua muziki akisikiliza atahisi kwamba kuna jambo limetokea, ijapokuwa hawezi kulitaja. Coleman alifariki mwaka 2006 pasi na kulipwa chochote kwa sekunde hizo, na inanihuzunisha kila ninapokisikia kipande hicho katika tangazo la biashara.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Ujapani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808, ambayo chini yake ina vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kitufe kikiwa ni robo ya pigo, na mtu akitaka ngoma ilie mahali fulani hubonyeza kitufe cha mahali hapo, kikawaka taa. Vitufe 16 ni mapigo 4 yenye robo nne nne. Mashine ile iliweza pia kugawanya pigo kwa tatu kwa kugeuza swichi, lakini umbo lake lilimwita mtu kwenye nne kabla hajafikiri, na kijana aliyeinunua kwa mtu pale ilipokuwa imekwisha kuacha kutengenezwa, naye hana kitabu cha maelezo, alikwenda ilikomwelekeza. Wimbo "Planet Rock" wa Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, uliotoka 1982, ulijengwa juu ya mashine hiyo. Miaka 6 baadaye Roger Linn aliibuni MPC60 kwa ajili ya kampuni ya Akai, nayo ikaja na vibao 16 vya kugonga kwa vidole, vinne kwa vinne. Ukiuona usuli huu, huwezi kushangaa kwamba nne ilikaa. La kushangaza ni wale waliopata njia ya kutoka.

Na njia kubwa, kwa hakika, haikupita katika ngoma. Ilipita mdomoni. Hili ndilo jambo ambalo watu wanaotafuta hesabu za ajabu katika hip-hop hulikosa, kwa sababu wao huangalia ngoma peke yake, wakaikuta nne, wakaondoka wakidhani sanaa hii ni nyepesi. Mghani ana uhuru ambao mpiga ngoma hana: maadamu ngoma inashika hesabu chini yake, yeye aweza kugawanya maneno yake kwa tatu, kwa tano au kwa saba, akauvuka mpaka wa kipimo bila ya kubisha hodi, na kukutana na ngoma mahali anapopataka mwenyewe. William Griffin, mashuhuri kwa jina la Rakim, alipotoa albamu ya Paid in Full pamoja na Eric B. mwaka 1987, aliibadili desturi ya kughani kwa jambo hili hasa. Kabla yake aghalabu ya waghani walikuwa wakiweka kina mwisho wa mstari, juu ya pigo la nne. Rakim, aliyejifunza saksafoni utotoni na kumsikiliza sana John Coltrane, aliviweka vina ndani ya mstari, viwili au vitatu kwa pamoja, na sentensi yake haikuona haya kuanza katikati ya kipimo hiki ikaishia katikati ya kipimo kingine. Coltrane naye ndiye aliyeuchukua wimbo wa wolzi, "My Favorite Things", akaupiga kwa mtindo wa jazi uliodumu dakika nyingi, hivyo si ajabu kwamba mwanafunzi wake wa mbali hakuona kipimo kuwa ukuta.

Katika miaka ya 1990 kundi la Three 6 Mafia la Memphis na Bone Thugs-N-Harmony la Cleveland wakaleta mwendo mwingine: ngoma ikihesabu nne zake kwa utulivu, mghani akaligawanya kila pigo mafungu matatu sawasawa na kuweka silabi moja katika kila fungu, hata kipimo kikabeba silabi 12 zinazokwenda mbio huku chini yake ngoma hainyanyui hata unyayo. Mwendo huo ulilala kidogo, kisha mwaka 2013 vijana watatu wa kundi la Migos, kutoka Georgia vilevile, wakautumia katika wimbo "Versace", na kwa miaka kadhaa baada ya hapo ulikuwa kila mahali, hadi ukachosha. Sitaki kuficha rai yangu kwamba thuluthi inayotumiwa bila ya kupumzika huwa pingu sawa na nne yenyewe. Uzuri wake umo pale mghani anapoingia ndani yake kwa mistari miwili, akatoka, na sikio likahisi ardhi imeinama kisha ikanyooka.

Lakini upo wimbo ambao ngoma na mdomo vyote viwili viliingia katika thuluthi. Jay-Z aliifunga The Black Album, ya mwaka 2003, kwa wimbo aliouita "My 1st Song", nao umejengwa juu ya sauti za kundi la Los Ángeles Negros la Chile, waimbaji wa nyimbo za mapenzi za mwendo wa kuyumba. Mtengeneza midundo wa kawaida angeikata sampuli hiyo vipandevipande na kuilazimisha ikae katika nne, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya mashine na kila siku hufanywa. Hapa wakaiacha na mwendo wake wa asili, na Jay-Z akalazimika kuyapanga maneno yake upya juu ya mapigo yanayogawanyika kwa tatu. Sikiliza namna anavyofanya: mwanzoni anakwenda pole, kila neno mahali pake, kana kwamba anajaribu sakafu kwa mguu, kisha akishaiamini anaanza kuzidisha silabi, akapumua katika fungu la tatu, mahali ambapo katika nne hapapo kabisa. Mtu mwenye miaka 33, aliyekwisha kuijua nne kwa moyo, anasikika akijifunza mbele ya hadhara, na albamu iliyotangazwa kuwa ya mwisho yake inafungwa kwa namna ya mwanzo.

Kuhusu tano, hadithi ni fupi na haina furaha. Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, aliitunga mwaka 1966 ile ala maarufu ya mchezo wa televisheni wa Mission: Impossible kwa kipimo cha 5/4, na ulimwengu mzima ukaipenda, lakini ilipofika 1996 ikatakiwa ipigwe upya kwa ajili ya filamu na ya kumbi za densi, wanamuziki wawili wa kundi la U2, Adam Clayton na Larry Mullen, waliigeuza sehemu kubwa yake kuwa 4/4. Ala iliyopendwa miaka 30 ikiwa na tano ilikatwa hivyo kwa ajili ya mlango wa ukumbi wa densi. Hip-hop ni jirani wa mlango huo, na imekuwa ikikumbwa na shuruti hilohilo.

Ndiyo maana wengine waliuacha kabisa ule mlango wa hesabu wakapita kwa wakati wenyewe. James Yancey wa Detroit, aitwaye J Dilla, alikuwa akitumia mashine ya MPC3000, ambayo ina uwezo wa kusahihisha mkono wa mpigaji kwa kuliburura kila pigo hadi mahali pake kamili. Dilla aliweza kuyasogeza mapigo yake kwa vipimo vidogo mno, ngoma hii ikiwahi, hii ikichelewa, toazi likienda sawa huku ngoma kubwa ikipepesuka, na yote hayo kwa makusudi na kwa kurudiwa sawasawa, hata mtu akajua kwamba halikuwa kosa. Hesabu ya Dilla ni nne tupu. Lakini nne hiyo ina vikao ambavyo karatasi ya nota haina alama yake, na wapigaji ngoma wa mkono, Questlove wa kundi la The Roots akiwa mmojawapo, wametumia miaka kujifunza kuuiga mkono huo. Dan Charnas ameandika kitabu kizima juu yake, Dilla Time, kilichotoka 2022. Dilla mwenyewe alifariki tarehe 10 Februari 2006 akiwa na miaka 32, siku 3 baada ya kutoka kwa albamu yake Donuts.

Na wapo wachache waliothubutu kuigusa hesabu yenyewe, ngoma na mdomo kwa pamoja, wakaifanya iwe sehemu ya maana. Kundi la clipping. la Los Angeles, lenye watu watatu, Daveed Diggs ambaye ndiye mghani, na William Hutson na Jonathan Snipes wenye kutengeneza sauti, lilitoa mwaka 2014 albamu ya CLPPNG, na ndani yake mna wimbo "Story 2". Ni hikaya ya mtu mwenye maovu nyuma yake anayerejea nyumbani usiku, na kila hatua hofu inamzidi. Badala ya kuongeza kelele au kasi, ambayo ndiyo njia nyepesi, watengenezaji wanaongeza mapigo ndani ya kipimo kadiri hikaya inavyosonga, hata msikilizaji aliyekwisha kutulia katika hesabu moja anaipoteza, akaipata nyingine, akaipoteza tena. Na Diggs, bila ya kukosea silabi, anarefusha mistari yake ilingane na kila hesabu mpya. Nafahamu kwamba wimbo huu haukuchezwa harusini. Lakini hofu ya mtu yule ingelielezwa kwa maneno peke yake ingelikuwa habari tu; sasa msikilizaji naye hajui mguu wake utashuka wapi.

Kwa msomaji wa Kiswahili mambo haya yana mvuto wa pekee, maana sisi ni watu wa mizani. Shairi letu la kawaida, kwa mujibu wa sheria alizozipanga Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 kabla ya kina cha kati na 8 baada yake. Na kipimo cha hip-hop, kama tulivyoona katika vitufe vya TR-808, kina nafasi 16. Saleh Jabir alipokuwa akighani kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kwanza Unit baada yake, na Kalamashaka wa Dandora huko Nairobi kuelekea mwisho wa muongo huo, walizikuta hesabu hizi mbili zikilingana kwa idadi. Kwa idadi tu, lakini. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kina cha kati mkazo wake huangukia mizani ya 7 na kina cha mwisho mizani ya 15, ilhali ngoma kali ya hip-hop hulia katika nafasi ya 5 na ya 13. Mwenye kuughani mshororo wa shairi silabi moja kwa kila nafasi, akaanza pamoja na kipimo, atakuta vina vyake vyote viwili vinaikosa ngoma kwa nafasi mbili. Akitaka vikutane nayo, hana budi aanze mshororo nafasi mbili kabla ya kipimo kufunguka, aingie mlangoni ilhali mwenzake hajatoka. Sikilizeni waghani wetu hodari: wanaanza mapema, na hakuna shule iliyowafunza.

Hayo ni ya nne. Ama chakacha, ngoma ya akina mama katika maharusi ya Mombasa na Lamu, haikuwahi kuwa ya nne yenye robo nne. Pigo lake hugawanyika kwa tatu, kipimo chake ni 6/8 au 12/8, na mwanamke anayeicheza ana thuluthi kiunoni tangu utotoni. Mwendo huo ni jamaa wa zile ngoma za nafasi 12 za Afrika Magharibi alizozieleza Profesa Kwabena Nketia wa Ghana, na watu waliochukuliwa utumwani kutoka upande ule ndio mababu wa waliouzaa muziki wa Bronx. Kwa hiyo Migos walipozigawa silabi zao kwa tatu hawakuwa wakitenda jambo geni kwa damu yao.

Mghani wa Kiswahili anayetaka kuiacha nne hahitaji basi kukopa. Na atwae utenzi, wa namna ile aliyoitumia Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate mwaka 1858 alipomwandikia bintiye, wenye vipande 4 vya mizani 8, vitatu vyenye kina kimoja na cha nne chenye kina cha bahari. Na auweke juu ya chakacha ya nafasi 12, silabi moja kwa kila nafasi, pasi na kusimama. Vipande vitatu vya mwanzo ni mizani 24, navyo vitajaza vipimo viwili barabara. Kipande cha nne kitachukua nafasi 8 za kipimo cha tatu na kumwachia 4 za kuvuta pumzi. Mkazo wa kina cha kwanza utaangukia nafasi ya 7, ambayo ni pigo kubwa la tatu la ngoma. Cha pili kitaangukia nafasi ya 3 ya kipimo cha pili, pembeni kabla ya pigo. Cha tatu nafasi ya 11, katikati ya fungu la mwisho. Na kina cha bahari kitarejea tena nafasi ya 7, juu ya pigo kubwa lilelile la tatu, pamoja na ngoma.